KIPIMO SI MAFUNZO: SOMO LA MWALIMU KUTOKANA NA GONGO LA BESIBOLI

Ipo imani iliyoenea miongoni mwa walimu, wapya kwa wazoefu, kwamba mwalimu aliyekwisha kupima amekwisha kufundisha. Daftari la alama likijaa tarakimu, mwalimu huridhika. Mzazi akiliona, naye huridhika. Na mwanafunzi aliyepata 4 kati ya 10 huambiwa aongeze bidii. Aongeze bidii katika jambo gani? Hapo ndipo ukimya huanza. Katika makala hii nakusudia kuipinga imani hiyo. Mfano nitakaoutumia nimeuchagua kutoka mbali, nao ni kihisi cha gongo la besiboli.

Huenda mwalimu mwanafunzi akauliza: besiboli yatuhusu nini? Ni kweli kwamba mchezo huu ni wa Marekani kwanza, kisha wa Japani, Kuba na nchi nyingine za ng'ambo. Hata hivyo, si mgeni kabisa kwetu. Mwaka 1912 au hata 1962 ungeweza kusema hivyo, lakini mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto ya Little League huko Williamsport, Pennsylvania. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Katika mchezo huu, upimaji wa tendo moja la mwili umefika mbali sana. Mtoto wa miaka 12 huko Marekani aweza kuzungusha gongo mara moja, kwa muda usiofika nusu sekunde, na papo hapo akasomewa namba saba au nane juu ya mzungusho huo. Kama namba zingekuwa zinafundisha zenyewe, watoto hao wasingehitaji mwalimu tena. Lakini bado wanamhitaji, na pengine wanamhitaji zaidi kuliko zamani. Tuangalie kwa nini.

Kazi ya mpigaji na kazi ya kihisi

Katika besiboli, mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa kibao anaposimama mpigaji. Katika ligi kuu ya Marekani, mpira wenye kasi ya kilomita 150 kwa saa humfikia mpigaji kwa muda wa karibu sehemu nne za kumi za sekunde. Mzungusho wenyewe wa gongo, tangu linapoanza kwenda mbele hadi linapogusa mpira, huchukua karibu sekunde 0.15. Mwalimu mwanafunzi atoe mwenyewe: mpigaji amebakiwa na robo sekunde tu ya kuuona mpira, kuupima, na kuamua kupiga au kuuacha. Gongo nalo ni jembamba; sheria hairuhusu unene wake uzidi sentimita 6.6.

Ni dhahiri kwamba jicho la mwalimu haliwezi kufuata yote yanayotokea katika muda huo. Mwalimu huona mwanzo na mwisho, katikati hukisia. Pengo hilo ndilo lililoleta kihisi. Ni kidude kidogo kuliko kiberiti, ambacho hufungwa kwenye kifundo cha mwisho wa mpini. Ndani yake mna vipimo vya aina mbili: kimoja hutambua jinsi mwendo unavyoongezeka au kupungua, na kingine hutambua jinsi gongo linavyozunguka. Habari hizo hupelekwa kwenye simu, nayo hukokotoa na kutoa majibu. Makampuni kama Blast Motion na Diamond Kinetics hutengeneza vidude vya namna hii.

Miongoni mwa majibu hayo, matatu yatatutosha. La kwanza ni kasi ya gongo karibu na sehemu inayofaa kugusa mpira. La pili ni muda wa kuufikia mpira. La tatu ni pembe ya kuingia, yaani gongo lilikuwa likielekea juu, sambamba na ardhi, au chini wakati lilipofika penye mpira.

Faida ya kuona kisichoonekana

Sitaki msomaji adhani kwamba napinga upimaji. Kipimo kizuri huweza kumaliza mabishano ambayo maneno matupu yameshindwa kuyamaliza.

Tuchukue pembe ya kuingia. Kwa miaka mingi walimu wengi wa besiboli waliwaambia watoto wapige kwa kuteremsha gongo juu ya mpira. Ted Williams, aliyemaliza msimu wa 1941 kwa wastani wa vipigo 406 katika kila nafasi 1000, alilipinga jambo hilo katika kitabu chake juu ya sayansi ya kupiga kilichotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hoja yake ilikuwa ya hesabu za kawaida. Mrushaji husimama juu ya kichuguu, na mpira huvutwa na ardhi; kwa hiyo mpira humfikia mpigaji ukiwa unashuka. Mpira wa kasi hushuka kwa pembe ya karibu digrii 6, na mipira ya polepole hushuka kwa pembe kubwa zaidi. Basi gongo linalopanda kidogo hukaa katika njia ya mpira kwa muda mrefu, na gongo linaloteremka huikata njia hiyo mara moja na kupita. Anayekosea wakati kidogo katika njia ya kwanza bado ataugusa mpira. Katika njia ya pili ataukosa.

Leo kihisi humwonyesha mtoto jambo hilo kwa digrii. Tena hufichua jambo la ajabu: mara nyingi mtu hafanyi anachodhani anafanya. Mpigaji huapa kwamba gongo lake limekwenda sambamba na ardhi, kumbe limeteremka. Mwalimu naye husema "teremsha", na mwanafunzi mwenye gongo linalopanda mno akajikuta amelinyoosha. Maneno yalikuwa ya uongo lakini matokeo yakawa mema. Kutokana na hayo twajifunza kwamba maneno ya mwalimu ni kitu kimoja, na tendo la mwanafunzi ni kitu kingine. Kazi ya kipimo ni kutuonyesha tendo.

Kasi peke yake haitoshi

Sasa tuje kwenye hatari. Katika namba zote za kihisi, kasi ya gongo ndiyo inayopendwa zaidi, na si bure. Alan Nathan, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Illinois, ameeleza kwamba mpira uliopigwa barabara huondoka kwa kasi inayokaribia jumla hii: sehemu 0.2 ya kasi ya mpira uliorushwa, pamoja na mara 1.2 ya kasi ya gongo. Mpira ukija kwa kilomita 150 kwa saa na gongo likienda kwa 116, mpira utaondoka kwa karibu kilomita 169 kwa saa. Ongeza kilomita 5 katika kasi ya gongo, nawe umeongeza kilomita 6 katika kasi ya mpira unaoondoka. Ongeza 5 hizo hizo kwa mrushaji, nawe umepata kilomita 1 tu.

Msomaji wa hesabu hiyo ataona mara moja kwamba kila mtoto na afundishwe kuzungusha gongo kwa kasi kuliko jana. Lakini tusiyapite maneno mawili yaliyo ndani ya kanuni yenyewe: "uliopigwa barabara". Gongo lenye kasi kubwa ambalo halikugusa mpira limepiga hewa.

Mwaka 2024 ligi kuu ya Marekani ilianza kutangaza hadharani kasi ya gongo la kila mchezaji, iliyopimwa kwa kamera zilizowekwa viwanjani. Wastani wa wachezaji ulikuwa karibu kilomita 116 kwa saa. Giancarlo Stanton alikuwa juu ya wote, karibu kilomita 130. Luis Arraez alikuwa mkiani, karibu kilomita 101. Mwenye kutazama namba hiyo peke yake angemrudisha Arraez nyumbani. Lakini Arraez huyo huyo aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga katika miaka ya 2022, 2023 na 2024, kila mwaka akiwa na timu tofauti. Mwaka 2024 alipata wastani wa vipigo 314 katika kila nafasi 1000, na Stanton alipata 233. Kwa upande wake Stanton alipiga mipira 27 iliyovuka ukuta na kuleta alama kamili, na Arraez alipiga 4 tu.

Nani bora kati ya wawili hao? Swali hilo halina maana mpaka tuseme tunataka nini. Wote wawili hulipwa kucheza katika ligi moja, na kila mmoja ana njia yake. Mwalimu ambaye angelimshurutisha Arraez ageuke Stanton angeliharibu kilichokuwa kizuri bila kupata alichokitaka. Hili ni onyo la kwanza kwa mwalimu wa shule ya msingi: kipimo kimoja hupima jambo moja, na mtoto si jambo moja.

Namba moja, sababu mbili

Onyo la pili ndilo zito zaidi, na ndilo kiini cha makala hii. Namba hutuambia lililotokea. Haituambii kwa nini limetokea.

Turudi kwenye pembe ya kuingia. Mtoto amezungusha gongo mara kumi, na kihisi kimeonyesha kwamba mara nyingi gongo lilikuwa bado linateremka lilipofika penye mpira. Mwalimu mwenye haraka atasema: "Njia ya gongo lako ni mbaya, lipandishe." Lakini hebu tufikiri. Gongo huanza begani, hushuka, hufika chini, kisha hupanda. Kwa hiyo katika mzungusho mmoja zimo pembe zote. Mtoto anayechelewa kuanza, ambaye mpira humfikia kabla gongo halijamaliza kushuka, atapata namba ile ile atakayopata mtoto ambaye njia ya gongo lake ni mbovu kweli. Wa kwanza ana tatizo la wakati. Wa pili ana tatizo la njia. Namba ni moja, sababu ni mbili, na dawa ni mbili. Ukimpa wa kwanza dawa ya wa pili, utaiharibu njia iliyokuwa nzuri, na bado atachelewa.

Mwalimu mwenye maarifa hufanya nini? Hubadilisha swali. Huweka mpira juu ya kinara, ukae kimya, kisha humwambia mtoto apige. Sasa hakuna mpira unaokuja, kwa hiyo hakuna kuchelewa. Pembe ikiwa nzuri juu ya kinara, basi njia ni nzima, na ugonjwa uko katika kuutazama mpira na kuanza mapema. Pembe ikiwa mbaya hata juu ya kinara, basi ni njia. Tazama kwamba kihisi hakikusema hivyo. Kihisi kilitoa namba mara mbili. Aliyepanga majaribio mawili na kuyalinganisha ni mwalimu.

Ninyi mtakaofundisha Hisabati katika darasa la tatu, hebu lifikirieni jambo hili. Watoto wawili wamepewa 52 - 27. Mmoja ameandika 35, mwingine 24. Wote wawili wamekosa, na katika daftari wote wawili wana alama ya kosa. Wa kwanza ametoa tarakimu ndogo katika kubwa, 7 toa 2, kwa sababu hajaelewa kukopa. Wa pili amekopa vizuri, lakini ameteleza katika kuhesabu. Wape wote 57 - 22, hesabu isiyo na kukopa. Wa kwanza yaelekea ataipata. Wa pili huenda akateleza tena. Hiki ndicho kinara cha darasani. Hakigharimu hata shilingi moja. Kinachotakiwa ni mwalimu ambaye baada ya kuona kosa hujiuliza: kosa hili laweza kuwa na sababu ngapi?

Namba itolewe lini na kwa maneno gani

Kihisi kina sifa inayovutia: hutoa jibu baada ya kila mzungusho. Wengi huiona hiyo kuwa faida tupu. Utafiti wa ujifunzaji wa matendo ya mwili hauwaungi mkono. Mwaka 1990 Carolee Winstein na Richard Schmidt walionyesha kwamba watu walioambiwa matokeo yao baada ya nusu tu ya majaribio walilikumbuka tendo vizuri zaidi baadaye kuliko walioambiwa kila mara. Sababu si ngumu kuiona. Anayeambiwa kila mara huacha kujisikiliza. Huitegemea sauti ya nje kama kipofu ategemeavyo mkono wa kiongozi. Siku ya mchezo sauti hiyo haipo, naye hupotea.

Kwa hiyo kocha mwenye busara humwuliza mtoto kwanza: "Unadhani huo ulikuwa wa kasi kuliko uliopita?" Mtoto hujibu, ndipo aonyeshwe namba. Hapo namba inakuwa kipimo cha hisia ya mtoto mwenyewe, na polepole hisia hiyo hunoleka mpaka kidude kisihitajiwe.

Yapo pia maneno yenyewe. Gabriele Wulf na wenzake, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wameonyesha katika michezo mingi kwamba mwanafunzi huendelea vizuri zaidi akielekezwa kuwaza matokeo ya tendo lake kuliko kuwaza viungo vyake. Kumwambia mtoto "ongeza pembe yako kwa digrii 4" ni kumpa mzigo asioweza kuubeba. Kumwambia "geuza kiwiko hivi, nyonga hivi, bega hivi" ni kumfunga kamba. Lakini ukimwambia "upitishe mpira juu ya kichwa cha mrushaji", mwili wake utaitafuta njia wenyewe. Digrii 4 ni lugha ya mwalimu katika kutayarisha somo. "Juu ya kichwa cha mrushaji" ni lugha ya mwanafunzi katika kutenda. Kuitafsiri ya kwanza iwe ya pili ndiyo kazi ya ualimu, na hakuna mashine iliyoichukua kazi hiyo.

Pasipo kihisi

Watasema baadhi ya wenzangu: haya yote ni ya matajiri, shule zetu hazina kihisi wala gongo. Hoja hii naiheshimu, lakini siikubali. Jambo lililo muhimu katika kihisi ni tabia ya kuuliza "nimefanya nini hasa?" na kupata jibu la kweli. Tabia hiyo haiuzwi dukani.

Katika somo la michezo, mwalimu aweza kufanya hivi. Kwanza, mpira wa matambara uwekwe juu ya kigingi cha kimo cha kiuno, na mistari ya majivu ichorwe mita 5, 10 na 15 mbele yake. Kila mtoto apige mara kumi, na mwenzake aandike mpira ulianguka kati ya mistari ipi. Baada ya juma moja arudie, ajilinganishe na nafsi yake, si na jirani.

Pili, mtoto ashike ufito mwembamba na kuuzungusha kwa nguvu, asikilize. Ufito hutoa sauti ya upepo, na sauti ni kubwa pale kasi ilipo kubwa. Sauti ikisikika nyuma ya bega, nguvu imetumika mapema mno. Isikike mbele, pale mpira unapotarajiwa kuwapo. Makocha wa besiboli hutumia zoezi hili hadi leo kwa kugeuza gongo na kulishika upande wa mbele. Sikio la mtoto ni kihisi alichozaliwa nacho.

Tatu, mwalimu atazame zana kabla ya kumtazama mtoto. Mtoto wa miaka 9 akipewa gongo la mtu mzima, kasi yake itakuwa ndogo hata angefundishwa na nani. Namba mbaya hapo ni ya gongo. Ampe fimbo nyepesi, kisha ampime upya.

Upo pia upande wa pili, wa wale wanaosema kwamba siku tutakapoletewa vidude hivi mafundisho ya michezo yataboreka yenyewe. Hao nao siafikiani nao. Mwalimu asiyejiuliza sababu ya 35 katika 52 - 27 hatajiuliza sababu ya digrii 3 za kushuka. Atapewa kihisi, naye atakijaza katika daftari la alama.

Hitimisho

Mwalimu mwanafunzi aendaye katika mazoezi ya kufundisha na ajiwekee kanuni chache. Apime jambo moja kwa wakati mmoja, akijua kwa nini amelichagua. Kila kosa alitafutie sababu zaidi ya moja, kisha abuni jaribio dogo la kuzitenganisha. Amwulize mtoto kabla ya kumwambia. Na asifunge daftari mpaka kila namba aliyoiandika iwe imegeuka kuwa sentensi moja ambayo mtoto aweza kuitenda kesho asubuhi.

Wahenga walisema, mganga hajigangi. Nasi twaweza kuongeza kwamba kipimajoto hakijapata kumponya mgonjwa. Mwanafunzi aliyepewa 4 kati ya 10 na kuachwa hapo amepimwa tu. Bado anamngoja mwalimu wake.